Kulegeza masharti ya mlipuko: kwa tarehe, kwa takwimu, kwa cheti, au hadi sufuri?

Ugomvi wa kufunga shughuli wakati wa mlipuko wa ugonjwa huwa mfupi, kwa sababu hofu huwaweka watu pamoja. Ugomvi wa kufungua ndio unaovunja urafiki. Aprili 2020 wenye magari waliziba barabara za Lansing, mji mkuu wa jimbo la Michigan nchini Marekani, wakidai biashara zifunguliwe. Februari 2022 wapinzani wa masharti walipiga mahema mbele ya Bunge la New Zealand, wakakaa hapo wiki tatu. Upande wa pili walikuwepo wauguzi, wagonjwa wa saratani na wazee, watu ambao kila tangazo la kulegeza kwao lilikuwa sawa na agizo la kujifungia ndani.

Makala hii ni ya msomaji aliyekwama katikati: uko kwenye kamati ya shule, unaongoza waumini, unasimamia kiwanda, au unataka tu kujua utaunga mkono lipi siku mlipuko mwingine ukibisha hodi. Nimelinganisha njia nne zilizotumika kweli wakati wa korona. Njia ya kutofunga kabisa nimeiweka kando, maana isiyofunga haina cha kufungua.

Vigezo

Kabla ya vigezo vyenyewe, kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulisahau: takwimu za mlipuko hufika zimechelewa. Aliyeambukizwa leo huanza kuumwa baada ya siku kadhaa, hali ikizidi hufika hospitali baada ya wiki nyingine hivi, na vifo huja nyuma zaidi. Ukifungua masoko Jumatatu, idadi ya wagonjwa wa Ijumaa haikuambii lolote kuhusu Jumatatu hiyo. Anayejigamba "tumefungua na hakuna kilichotokea" baada ya siku tano hajathibitisha kitu. Anayelaumu "wagonjwa wamejaa kwa sababu ya kufungua juzi" naye vilevile. Mabishano mengi niliyoyasoma yangekwisha mapema kama wabishi wangekubaliana kungoja wiki tatu kabla ya kushangilia au kulaani.

Kila njia nimeipima kwa maswali manne.

Uwazi: je, mtu wa kawaida anajua nini kitafunguliwa, lini, na kwa sababu gani?

Hospitali: njia hiyo inalindaje vitanda, oksijeni na wahudumu wasizidiwe?

Mzigo: nani anaumia kwa kungoja, na nani anaumia kwa kuharakisha? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na msemo huo hapa unawagusa wote. Mwenye mshahara anayefanyia kazi nyumbani haijui njaa ya kibarua wa kutwa, na kijana mwenye afya haijui hofu ya aliyepandikizwa figo.

Kurudi nyuma: mambo yakiharibika, inawezekana kufunga tena bila watu kugoma? Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu karibu kila aliyefungua alilazimika kurudi nyuma angalau mara moja.

Njia ya kwanza: kufungua kwa tarehe

Serikali inataja siku, na siku ikifika masharti yanaondoka. Mfano unaojulikana zaidi ni wa England. Februari 22, 2021 Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alitangaza mpango wa hatua nne, hatua ya mwisho ikipangiwa Juni 21. Kwenye karatasi mpango ule ulifuata takwimu: kila hatua ilikuwa na masharti manne ya kutimizwa, na kati ya hatua moja na nyingine zilipita wiki tano au zaidi. Lakini magazeti yaliibatiza siku ya mwisho "Siku ya Uhuru", na tangu hapo watu walishika tarehe wakasahau masharti. Aina mpya ya kirusi cha korona, iitwayo Delta, ilipoenea, siku ikasogezwa hadi Julai 19. Wenye vilabu vya usiku waliokuwa wamejipanga kwa Juni walilalamika kwamba hasara imeachwa mikononi mwao. Wakati huohuo, wanasayansi zaidi ya 100 walitia saini barua katika jarida la The Lancet wakisema hata Julai ni mapema mno.

Uwazi. Hapa njia hii inazipita zote. Tarehe haihitaji kufafanuliwa. Mwenye hoteli anajua lini aagize chakula, mzazi anajua lini aombe likizo.

Hospitali. Huu ndio udhaifu wake, kwani kirusi hakina kalenda. England ilipofungua Julai 2021 maambukizi yalikuwa mengi, lakini vifo vilikuwa vichache mno kuliko vya Januari mwaka huohuo. Kilicholeta tofauti kilikuwa chanjo iliyokwisha kuwafikia wazee, wala si tarehe.

Mzigo. Wanaopumua ni wafanyabiashara na vijana. Wanaobaki na mzigo ni wale ambao kinga yao haijibu vizuri chanjo. Kwao siku ya uhuru ya wengine ndiyo mwanzo wa kifungo.

Kurudi nyuma. Hapa nitakaa kidogo, maana historia inayo mfano wake tangu zamani. Wakati wa homa kuu ya mafua, mji wa San Francisco nchini Marekani ulipanga kuvua barakoa saa sita mchana, Novemba 21, 1918. King'ora kililia, watu wakazichomoa usoni palepale barabarani, na njia zikatapakaa vitambaa. Januari 1919 wagonjwa walipoongezeka na amri ikarudishwa, mji haukuwa uleule tena: kilianzishwa chama kizima cha kupinga barakoa, kikafanya mikutano ya hadhara, na Februari 1 amri ikaondolewa kwa mara ya pili. Watu waliokwisha kusherehekea mwisho hawakutaka kusikia kwamba haukuwa mwisho.

Denmark ilionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Iliondoa masharti Septemba 10, 2021, zaidi ya asilimia 70 ya wananchi wakiwa wamekamilisha chanjo, lakini waziri wa afya alisema siku zilezile kwamba serikali haitasita kuchukua hatua haraka hali ikibadilika. Novemba cheti cha korona, yaani uthibitisho wa chanjo, kupona au kipimo, kikarudi. Februari 1, 2022 kikaondoka tena, safari hii maambukizi yakiwa juu ila vyumba vya wagonjwa mahututi vikiwa na nafasi. Tofauti ya Denmark na San Francisco naiona katika lile onyo lililotangulia sherehe.

Inamfaa nani. Jamii ambayo wengi wa walio hatarini wamekwisha kukingwa, na yenye shughuli zinazohitaji maandalizi marefu: shule, viwanda, usafiri, mashindano.

Njia ya pili: kufungua kwa takwimu

Badala ya siku, inatajwa namba. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri kwamba kabla ya kufungua, vipimo vinavyoonyesha maambukizi viwe chini ya asilimia 5 ya vipimo vyote kwa siku 14 mfululizo. Ujerumani ilishika namba nyingine: wagonjwa wapya 50 kwa kila watu 100,000 katika siku saba. Afrika Kusini ilikuwa na ngazi tano, ya 5 ikiwa kali kuliko zote. Ilianza na ya 5 mwishoni mwa Machi 2020, ikashuka hadi ya 1 Septemba mwaka huo, kisha ikapanda tena hadi ya 3 siku chache kabla ya mwaka mpya. Jimbo la New South Wales nchini Australia liliahidi kufungua pale asilimia 70 ya wenye umri wa miaka 16 na zaidi watakapokuwa wamekamilisha dozi mbili, na Oktoba 11, 2021 likatimiza.

Uwazi. Inategemea namba iliyochaguliwa. Ile ya Australia ilikuwa rahisi, kwa sababu mtu alijua afanye nini ili isogee: aende akachanjwe. Ile ya wagonjwa wapya ni ngumu zaidi. Wilaya inaweza kuamka imevuka kiwango kwa sababu ya mlipuko katika kiwanda kimoja, na mwenye duka upande wa pili wa wilaya akafunga bila kuelewa amekosa nini.

Hospitali. Kwa kigezo hiki njia ya namba ina nguvu, mradi vipimo vipo. Pasipo na vipimo vya kutosha, idadi ya wagonjwa inakueleza tu ni wangapi uliowatafuta. Ndiyo maana ya ile asilimia 5: kama karibu kila unayempima anao, ujue wengi hujawaona. Namba nazo huzeeka. Chanjo ilipoenea, wagonjwa 50 kwa 100,000 hawakuwa na uzito uleule, na Ujerumani ikahamia kwenye idadi ya wanaolazwa. Kitaalamu ilikuwa sawa kabisa. Kisiasa, wapinzani walisema goli limehamishwa mpira ukiwa hewani.

Mzigo. Lawama yangu kubwa kwa njia hii iko hapa. Namba hupima kinachopimika kwa urahisi, na kisichopimwa hakina msemaji. Idadi ya waliolazwa ilitangazwa kila jioni katika taarifa ya habari. Ya watoto walioacha shule haikuwa na mtangazaji. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ingawa madarasa ya mitihani yalirudi kwa vipindi, ufunguzi kamili ulikuja Januari 10, 2022. Kufungwa kwa shule kwa muda mrefu namna hiyo hakukuonekana karibu popote duniani. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Ukiona orodha ya vigezo vya kufungua ambayo haina hata kimoja kinachopima madhara ya kuendelea kufunga, una haki ya kuuliza.

Kurudi nyuma. Rahisi kiasi, kwa kuwa kupanda na kushuka kumeandikwa ndani ya mpango. Ngazi zinazosomeka pande zote mbili haziahidi mwisho.

Inamfaa nani. Mahali penye maabara zinazofanya kazi na uongozi ulio tayari kuchapisha takwimu hata zinapoumiza. Pasipo na hivyo viwili, namba huwa pambo.

Njia ya tatu: kufungua kwa wenye cheti

Milango inafunguliwa, ila kwa aliyechanjwa, aliyepona karibuni au aliyepimwa akaonekana hana. Israel ilianza Februari 2021. Ufaransa ndiyo iliyozua gumzo kubwa: Julai 12, 2021 Rais Macron alitangaza kwamba cheti kitahitajika mikahawani na kwenye treni za safari ndefu, na ndani ya siku moja hivi karibu watu milioni moja walipanga miadi ya chanjo. Jumamosi zilizofuata, watu zaidi ya laki moja wakaingia barabarani kupinga.

Uwazi. Sheria ni fupi: onyesha, ingia. Utekelezaji ndio wenye utata. Mhudumu wa mkahawa aliyeajiriwa kubeba sahani aligeuka mlinzi, simu mkononi, akisoma msimbo wa kila mteja kabla ya kumwonyesha meza, na akitukanwa na wasiokuwa nao.

Hospitali. Wakati wa Delta hoja ilikuwa na mashiko, kwa sababu chanjo ilipunguza sana kulazwa na kwa kiasi fulani ilipunguza kuambukiza. Aina nyingine ya kirusi, Omicron, ilipotambuliwa Novemba 2021 hoja ya pili ilidhoofika. Waliochanjwa waliambukizwa kwa wingi, ingawa wachache wao walizidiwa. Cheti kikabaki kumlinda mwenyewe zaidi kuliko aliyeketi meza ya jirani.

Mzigo. Kinamwondolea mzigo mwenye biashara, kinamtwika asiye na chanjo. Hapo lazima utenganishe aliyekataa na aliyekosa. Mwisho wa 2021 barani Afrika hata mtu mmoja kati ya kumi hakuwa amekamilisha dozi, na wengi wao hawakuwa wamekataa chochote, dozi hazikufika. Cheti mahali ambapo chanjo haipatikani ni kufuli lisilo na ufunguo.

Kurudi nyuma. Hakuna njia inayowashwa na kuzimwa kwa wepesi kama hii. Ufaransa ilikisimamisha Machi 14, 2022. Wepesi huohuo ndio uliowatia wasiwasi wapinzani: kinachozimwa kwa siku moja huwashwa kwa siku moja, tena kwa sababu nyingine.

Inamfaa nani. Mahali ambapo chanjo ni bure, iko karibu, na inazuia kuambukiza kwa kiwango cha maana. Inafaa zaidi kwa shughuli za hiari, kama tamasha au klabu, kuliko kwa zile ambazo mtu hawezi kuzikwepa kama usafiri wa kwenda kazini.

Njia ya nne: kutofungua hadi sufuri

New Zealand ilifunga Machi 25, 2020. Juni 8 ikatangaza haina mgonjwa hata mmoja, na mwisho wa wiki hiyohiyo viwanja vya raga vikajaa watazamaji wasio na barakoa, wakati sehemu kubwa ya dunia hata idadi ya wanaohudhuria mazishi ilikuwa imewekewa kikomo. China nayo ilishika sufuri hadi Desemba 2022.

Uwazi. Lengo linaeleweka na kila mtu. Lisiloeleweka ni lini litaachwa, na kwa amri ya nani.

Hospitali. Inapofaulu haina mshindani. Wodi zinaendelea na magonjwa mengine kama kawaida. Ila inanunua muda tu. Swali ni muda huo umetumiwaje.

Mzigo. Walio ndani ya mpaka wanaishi kwa uhuru, na gharama inawaangukia walio nje. Raia wa New Zealand waliokwama ng'ambo waliingia kwenye foleni ya bahati nasibu kutafuta chumba cha karantini, na Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu ule ulivunja haki ya baadhi yao kurudi kwao. Shanghai, mji wa watu wapatao milioni 25, ulifungwa karibu miezi miwili mwaka 2022.

Kurudi nyuma. Huku hatari yake iko mlango wa kutokea. New Zealand ilitangaza kuacha sufuri Oktoba 2021, ikahamia mfumo wa rangi kama taa za barabarani Desemba baada ya chanjo kuwafikia watu wengi sana, na mipaka ikaifungua kidogokidogo mwaka uliofuata. China ilitoka kwa kishindo. Novemba 24, 2022 moto katika jengo mjini Urumqi uliua watu 10, wengi wakaamini masharti yaliwazuia kutoroka, na vijana katika miji kadhaa wakasimama barabarani wameshika karatasi nyeupe zisizo na neno. Desemba 7 masharti mengi yakaondolewa, katikati ya baridi, ilhali ni karibu asilimia 40 tu ya wenye miaka 80 na zaidi waliokuwa wamepata dozi ya nyongeza. Serikali yenyewe ilitaja karibu vifo 60,000 hospitalini kufikia Januari 12, na WHO ilikuwa imekwisha kusema kwamba takwimu za China hazionyeshi ukubwa halisi.

Inamfaa nani. Visiwa, nchi zenye milango michache, na kwa muda maalumu: wakati tiba au chanjo inatarajiwa na kuna mpango wa kuwafikia wazee kwanza.

Wazo linalojipenyeza katika zote nne

Katika kila ubishi atatokea mtu aseme: tuwalinde wazee na wagonjwa, wengine tuendelee na maisha. Oktoba 2020 wazo hilo liliandikwa rasmi katika Azimio la Great Barrington, na mwezi huohuo likajibiwa na Waraka wa John Snow, wa wanasayansi waliolipinga. Linavutia kwa sababu ni la haki kijuujuu. Linakwama kwenye mambo ya nyumbani. Bibi anayelindwa anaishi na wajukuu wanaokwenda shule, anaogeshwa na binti anayefanya kazi sokoni, anapelekwa kliniki kwa basi. Ukisikia mtu analipendekeza, usimbeze. Mwulize huyo binti atalala wapi. Akiwa na jibu na bajeti, ni mpango. Asipokuwa nalo, ni njia ya kwanza iliyobadilishwa jina.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama walio hatarini katika jamii yako wamekwisha kupata kinga na wanaotaka kufungua wanahitaji maandalizi, unga mkono tarehe, lakini dai tangazo lilelile litaje ni nini kitakachoifuta.

Kama vipimo vipo na takwimu zinachapishwa bila kuchakachuliwa, namba zitakupa mabishano yenye akili zaidi. Pigania namba mbili, ya hospitali na ya shule au kipato, zisomwe pamoja.

Kama vipimo ni vya shida, usiige namba za nchi yenye maabara kila wilaya. Tazama vitanda, oksijeni na idadi ya wahudumu wanaougua. Hivyo huonekana kwa macho, ingawa kwa kuchelewa.

Kama unasimamia ukumbi au klabu, cheti kinaweza kukufaa kwa miezi michache. Kama unasimamia ofisi ambayo watu hawana budi kuingia, fikiria hewa na madirisha kwanza.

Kama ugonjwa ni mpya, haujulikani unaua kiasi gani, na eneo lako lina njia chache za kuingilia, kubana hadi sufuri kwa majuma machache kuna mantiki kuliko watu wanavyokiri leo. Uliza tu siku ya kwanza: tutatokaje?

Na kama wewe ni kiongozi wa kundi dogo usiye na takwimu wala mamlaka, andika tangazo la kufungua na sharti la kufunga tena kwenye karatasi moja, kwa herufi za ukubwa uleule, na ulibandike kabla watu hawajaingia.